Kichocho alichokutwa nacho mdogo wako Ujerumani alitoka nacho Kyela

Dada, umesema mdogo wako yuko Ujerumani mwaka wa saba sasa, amepimwa kakutwa na kichocho, na huku nyumbani Uyole wazee wanashikilia kwamba amekipata kwenye mabwawa ya kuogelea ya Wazungu. Ukauliza pia kama Waafrika wenye tatizo hili huko ni wengi au ni yeye tu. Nakujibu kwa sababu yalinikuta hayohayo. Mimi ni mtoto wa Kyela, nimesoma Ujerumani miaka mitano, sasa nimerudi niko Mbeya mjini.

Mimi sikwenda hospitali kwa ajili ya kichocho. Nilikuwa nachoka, na chini ya kitovu kunauma maumivu yasiyoeleweka. Nikapewa dawa za UTI mara tatu, nafuu wiki moja, yanarudi. Mkojo wala haukuwa mwekundu. Daktari wa nne, mama mtu mzima, aliona kwenye majibu ya damu kwamba zile chembe zinazopanda mtu akiwa na minyoo ziko juu. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ulipokuwa mtoto ulikuwa unaoga wapi?

Nikamwambia mtoni. Mto Mbaka, kwenye majaruba ya mpunga, na likizo ziwani Matema. Akasema nirudi kesho nitoe mkojo saa saba mchana, na kabla ya kuutoa nipande na kushuka ngazi mara kadhaa, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi mchana na mwili ukiwa umetikisika. Kesho yake akanisogezea hadubini nione. Kilikuwa kitu kirefu cha mviringo, kinang'aa, na ncha moja ina kamwiba. Kile kamwiba cha nchani ndicho kilichomwambia kwamba ni kichocho cha kibofu. Cha tumbo mwiba wake unakaa ubavuni.

Nilibaki nimeinamia pale nikikumbuka darasa la nne. Mwenzetu akikojoa, mwishoni mkojo ukatoka na damu, tulikuwa tunasema ameshakuwa mkubwa. Hakuna aliyekwenda kumwambia mama yake. Siku walipoleta dawa shuleni, watoto wakanyweshwa uji na kusimamishwa kwenye ule mti wenye alama za urefu ili wajulikane wanastahili vidonge vingapi, mimi nilikuwa Tukuyu kwa bibi.

Sasa ubishi wa wazee. Kichocho hakipatikani bila konokono wa maji wa aina yake. Mayai yanaingia majini na mkojo au kinyesi, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinakulia humo, vinatoka na kupenya ngozi ya anayeoga au anayepanda mpunga. Bwawa la kuogelea lenye dawa halina konokono huyo. Ulaya ni nadra sana kutokea, na mlipuko unaojulikana zaidi ni wa mto Cavu, kisiwa cha Corsica cha Ufaransa, kiangazi cha 2013, ambako zaidi ya watu 100 waliugua, na vinasaba vya minyoo vikaonyesha asili yake ni Senegal. Kama mdogo wako hakuoga huko, basi karibu hakika alitoka nacho nyumbani. Miaka saba isikushangaze. Minyoo hii dume na jike hukaa wameshikana ndani ya mishipa ya damu, kwa kawaida miaka 3 hadi 10, na wapo waliokutwa nayo baada ya miaka zaidi ya 30 nje ya Afrika.

Kuhusu wingi: si yeye peke yake hata kidogo. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za wahamiaji, uliochapishwa 2019, ulikuta kwamba kwa waliotoka kusini mwa Sahara, takriban 24 katika kila 100 waliopimwa damu walikuwa na dalili za kichocho. Kwa wakimbizi waliohamishiwa Marekani namba ni kubwa zaidi: vijana wa Sudan 44 katika 100, na Wabantu wa Somalia 73 katika 100. Baadhi ya hawa Wabantu wa Somalia wana asili ya Wazigua wa huku kwetu Tanga, na waliishi kandokando ya mto Juba wakilima. Ukisikia mto na kilimo cha maji, umeshajua. Ila kipimo cha damu kinaonyesha hata aliyewahi kuugua akapona, kwa hiyo si wote hao wana minyoo hai.

Mwaka 2018 kituo cha Umoja wa Ulaya cha udhibiti wa magonjwa kilishauri wahamiaji wanaotoka nchi zenye kichocho wapimwe na kutibiwa. Mimi hakuna aliyenipima nilipofika, na ndiyo maana nasema mtu wetu asisubiri kuulizwa. Amwambie daktari mwenyewe: nimekulia mtoni.

Linaloniuma zaidi ni dada zetu. Mayai yakikwama kwenye njia ya uzazi wanatokwa damu, wanaumia wakiwa na waume zao, wengine hawashiki mimba. Hospitali inatibu ugonjwa wa zinaa, na mume anaanza kuuliza umeutoa wapi. Nimeona ndoa ikitikisika kwa jambo hili, na mwanamke hakuwa na kosa lolote zaidi ya kulima mpunga na mama yake.

Mdogo wako asiogope kuambukiza mke au watoto, hakiambukizwi mtu kwa mtu. Kibali changu cha kuishi kilihuishwa kama kawaida. Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mimi nilikuwa na kilo 60, nikapewa vidonge vinne vya 600, nikavinywa nimeshiba, jioni kichwa kikazunguka, asubuhi nikawa mzima. Maumivu yaliisha baada ya wiki kadhaa. Arudi kupimwa baadaye, na akubali wamwangalie kibofu na figo kwa ultrasound, maana kichocho kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta hata saratani ya kibofu.

Halafu dada, umeandika kwamba mlikuwa mnaoga naye mto Kiwira, kule Kyela, kila jioni mkitoka shambani. Kwa hiyo na wewe nenda kapime. Usiende alfajiri, nenda kati ya saa nne na saa nane mchana, utembee kwanza, na uwaambie maabara unataka watafute mayai ya kichocho, wasiishie kwenye UTI.