Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU: kumbukumbu zake zipo wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjane mwenye umri wa miaka 63. Ninaishi Kihonda, Manispaa ya Morogoro, katika nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa aliyoniachia marehemu mume wangu. Nyumba hiyo moja ina mita mbili za LUKU (umeme wa kulipia kabla), moja ya upande wangu na nyingine ya vyumba viwili nilivyopangisha, na zote mbili hukatwa kodi ya majengo kila mwezi. Hivi karibuni mpangaji wangu alinunua umeme wa shilingi 10,000, akaona uniti zimepungua, akaja kunidai fidia. Nilipofungua kabati la marehemu nilikuta ankara moja ya zamani na risiti mbili ambazo maandishi yake yamefifia. Nitajuaje nilicholipa na ninachodaiwa? Kumbukumbu zenyewe anazo nani? Pia nasikia wazee wamesamehewa kodi hii. Je, ni kweli?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Shikamoo Mama, na pole kwa msiba. Nitaanza na ile risiti ya mpangaji, kwa sababu ndiyo kumbukumbu iliyo karibu nawe kuliko zote, ingawa wengi wetu tunaifuta kwenye simu mara tu tunapomaliza kuingiza tokeni.

Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida hutozwa kodi ya majengo ya shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kwa mwezi, na jengo la ghorofa katika maeneo ya miji hutozwa shilingi 90,000 kwa kila ghorofa. Miaka miwili iliyotangulia, tangu utaratibu wa kukata kupitia LUKU uanze mwaka 2021, viwango vilikuwa shilingi 12,000 na 60,000. Kwa hiyo mpangaji wako alipotoa shilingi 10,000, kwanza ziliondolewa 1,500, zikabaki 8,500. Ndani ya hizo 8,500, umeme wenyewe ni shilingi 6,967.21, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ni 1,254.10, tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1 ni 69.67, na tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 ni 209.02. Kama mita yake ipo katika kundi la bei ya shilingi 292 kwa uniti, alipata uniti 23.86 badala ya 28.07. Fungueni ujumbe huo mkiwa pamoja, mtafute mstari unaosomeka kwa Kiingereza kama deni lililokusanywa: hiyo ndiyo kodi ya majengo yenyewe, isipokuwa kama mita ilikuwa na deni jingine. Ukikuta umekatwa 3,000 au 4,500 kwa mara moja, usishtuke, kwani mwezi usionunua umeme haufuti kodi. Makato hujilimbikiza yakakusubiri siku utakayonunua.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alifahamu vizuri. Utaratibu wa LUKU umetuondolea foleni za kila Juni, na hilo ni jema, lakini umeifunga kumbukumbu ya kodi kwenye namba ya mita, haukuifunga kwenye jina lako wala kwenye kiwanja chako. Mita haijui kama mwenye nyumba amefariki, kama jengo ni moja au mawili, wala kama anayeingiza tokeni ni mpangaji au mwenye mali. Kodi ya majengo hutozwa kwa jengo, hivyo nyumba yako moja yenye mita mbili inalipa shilingi 36,000 kwa mwaka mahali inapostahili kulipa 18,000, na hali hiyo itaendelea hadi mtu apeleke taarifa. Huyo mtu ni wewe, Mama, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua nyumba yako kutoka ndani.

Ukitaka kuzipata kumbukumbu za nyuma, itakubidi ubishe hodi mahali zaidi ya pamoja. Kazi ya kukusanya kodi hii imekuwa ikihama kati ya halmashauri na Mamlaka ya Mapato (TRA), na mwaka 2016 ilipelekwa TRA. Ankara ya zamani uliyoikuta kabatini itakuonyesha ilitolewa na nani, na huko ndiko kunakopaswa kuulizwa habari za miaka ile. Kwa makato ya LUKU, anzia kitengo cha mapato cha manispaa yako na ofisi ya TRA ya mkoa, kisha omba shirika la umeme, TANESCO, wakupe historia ya manunuzi ya mita zote mbili. Usiende mikono mitupu. Chukua namba za mita, kitambulisho cha taifa, nakala ya hati au barua ya toleo (ile ya awali ya kumilikishwa kiwanja), barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kwamba mita hizo mbili zipo katika jengo moja, na hizo risiti zilizofifia. Zipige picha leo, kabla wino haujapotea kabisa, maana karatasi za risiti za mashine hazivumilii joto la kabati. Maombi yako yawe ya maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Maneno ya dirishani hayabaki popote.

Kuhusu msamaha, ulichosikia ni kweli, ila kina masharti. Sheria inamsamehe mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na pia mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba moja ya makazi anayoimiliki na kuishi ndani yake. Msamaha haujiwashi wenyewe kwenye mita, ni lazima uombwe. Nakushauri useme wazi tangu mwanzo kwamba umepangisha vyumba viwili, kwa kuwa ofisa atapima ombi lako kwa kuangalia matumizi ya nyumba, na ni afadhali alisikie jambo hilo kutoka kwako. Litakalokukwamisha zaidi, naona, ni umiliki. Kama hati bado ina jina la marehemu, utahitaji kwanza barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na baada ya hapo usajili wa mabadiliko katika ofisi ya ardhi. Ni safari ndefu kidogo, lakini ndiyo itakayokufanya utambulike kama mwenye nyumba katika kila daftari.

Mpangaji wako naye ana haki ya kusikilizwa. Anayewajibika kwa kodi ya majengo ni mwenye jengo, hata kama fedha zimetoka kwenye mfuko wa mpangaji. Njia ya uungwana ni kumpunguzia shilingi 1,500 katika kodi ya chumba kila mwezi anapokatwa, na mkaandikiana hilo kwenye mkataba.

Kabla sijakuacha, niruhusu nitaje kodi nyingine ambayo hukuiuliza. Baba yangu mdogo aliamini kwamba makato ya LUKU yamemaliza kila kitu. Alipotaka kuhamishia hati kwa jina la mwanawe, akakuta anadaiwa kodi ya pango la ardhi ya miaka tisa pamoja na riba, na mzee wa watu alikaa kwenye benchi la ofisi akiigeuzageuza karatasi ile kama haamini kilichoandikwa. Kodi ya pango la ardhi ni malipo ya kila mwaka ya kiwanja chenye hati, hukadiriwa kwa ukubwa, matumizi na mahali kilipo, na haikatwi kwenye umeme hata senti moja. Deni likikaa muda mrefu, mmiliki anaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, nenda idara ya ardhi ya manispaa au piga *152*00# ufuate maelekezo, upewe kumbukumbu namba ya malipo. Kabla hujalipa, soma jina, kiwanja na eneo la mita za mraba, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa utalipia kiwanja cha jirani.

SWALI: Nataka kununua nyumba Dodoma. Muuzaji amenionyesha ujumbe wa LUKU wa miezi sita, akasema huo ni uthibitisho kwamba nyumba haina deni lolote la kodi. Je, inatosha?
Kijana wa Area C, Dodoma

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Ujumbe huo unathibitisha kwamba mita fulani ilinunua umeme na kukatwa fedha, basi. Linganisha kwanza namba iliyo kwenye ujumbe na ile iliyoandikwa kwenye mita iliyofungwa ukutani, kisha mwombe muuzaji risiti za kodi ya pango la ardhi zenye namba ya kiwanja kile kile kilichoandikwa kwenye hati. Wewe mwenyewe omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili uone jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Muuzaji akikwambia upekuzi unapoteza muda, subirisha malipo yako mpaka majibu yatoke. Na mkishauziana, peleka taarifa za mabadiliko ya mmiliki TANESCO na manispaa wiki hiyo hiyo, ukiwa na nakala ya mkataba.