Maswali ya Wasomaji: Sola ya chuo ianzie bwenini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya majengo katika chuo kikuu kimoja mkoani Iringa. Uongozi unataka kufunga umeme wa jua wa kilowati 100, na umependekeza tuanze na bweni kwa kuwa ndilo lenye paa kubwa kuliko yote. Je, huo ni uamuzi sahihi?
Mjumbe, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, kinachotangulia si ukubwa wa paa bali saa ambazo jengo hutumia umeme. Bweni huchangamka giza likiingia, wanafunzi wanaporudi kupiga pasi na kuchemsha maji, ilhali paneli huzalisha zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati wenyewe wako darasani. Mkianzia huko mtalazimika kununua betri nyingi, nazo ndizo zitakazomeza fedha. Maktaba, maabara na jengo la utawala hutumia umeme mchana, kwa hiyo uniti inayotoka kwenye paneli huingia kazini papo hapo.

Kabla ya kumwita mkandarasi, someni mita ya kila jengo saa kwa saa, wiki mbili za masomo na wiki moja ya likizo. Hiyo ya mwisho msiidharau, maana paneli haziendi likizo, na pasipo mkataba wa kuingiza ziada kwenye gridi, umeme huo hupotea bure.

Kisha pandeni juu ya paa. Kilowati 100 ni paneli zipatazo 182 za wati 550, kila moja ikiwa na kilo 28 hivi. Hizo ni tani 5 juu ya kenchi, kabla ya kuhesabu reli za kuzishikilia. Bati lililobakiza miaka michache libadilishwe kwanza, kwa sababu paneli hudumu miaka 25 au zaidi, na kama paa ni la asbestosi, msitoboe hata tundu moja. Mkiwa huko saa kumi alasiri, tazameni kivuli cha tangi la maji kinalala wapi, kwani kikiangukia paneli moja hupunguza nguvu ya zile zilizoungwa nayo.

Liko jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kulipa: inveta ya gridi (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika majengoni) isiyo na betri hujizima TANESCO inapokata umeme, ili isiwadhuru mafundi walio kwenye nyaya. Jenereta ya maabara msiiuze.