Access na kosa la 3464: usiishie kuweka alama za reli (#)

Mkuu, acha kwanza! Umeuliza mbona kwiri yako (ombi la kuchuja data) ya malipo ya Aprili inagoma na kosa la 3464 kwenye Access, ile programu ya hifadhidata ya Microsoft. Huyo aliyekujibu "toa nukuu, weka reli" anakupeleka shimoni. Kweli kosa la 3464 litapotea, maana tarehe ikiwa ndani ya nukuu Access inaiona maandishi wakati safu yako ni ya tarehe. Ila balaa ndipo linapoanzia.

Wewe umeandika:

WHERE TareheMalipo Between '01/04/2023' And '30/04/2023'

Ukibadilisha nukuu tu kuwa reli, kwiri itakubali kimya kimya. Lakini ndani ya SQL (lugha ya kuandikia kwiri), Access husoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows yako inaanza na siku. Kwa hiyo 01/04 inakuwa tarehe 4 Januari. Na 30/04? Hakuna mwezi wa 30, basi inaigeuza yenyewe na kuisoma 30 Aprili. Umeona? Upande mmoja umepinduka, mwingine uko sawa, na onyo hakuna. Ripoti yako ya Aprili imebeba malipo tangu Januari.

Kwetu ripoti ya namna hiyo ilifika mpaka mkutano wa wanachama wa SACCOS. Mama mmoja akasimama na risiti mkononi, akauliza mbona rejesho lake la Februari limehesabiwa Aprili. Mhasibu akakosa la kusema. Na yule mwalimu wa kozi aliyetukaririsha kuwa reli inatosha, nikimkumbuka napandwa na hasira mpaka leo. Unachukuaje ada za watu wanaoandika siku kwanza, halafu husemi neno juu ya mpangilio wa tarehe?

Ndani ya SQL andika mwaka, mwezi, siku. Siku zote:

WHERE TareheMalipo >= #2023-04-01# And TareheMalipo < #2023-05-01#

Hiyo "kabla ya Mei mosi" nimeiweka makusudi. Kama safu inabeba na saa, malipo ya 30 Aprili saa nane mchana yangeachwa nje na Between.

Ukijenga kwiri kwa VBA (lugha ya kuandikia programu ndani ya Access), usiunganishe tarehe ikiwa mbichi. Ipitishe hapa:

Format(tarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Na kama kuna ripoti ulishazitoa kwa reli na 01/04, zirudie leo, kabla mwanachama hajaja na risiti zake.