Umeingia bodi ya shule? Anzia nyuma ya madarasa

Dada mmoja wa Gongo la Mboto ameniandikia. Ameteuliwa kwenye bodi ya sekondari ya kata, kikao cha kwanza ni wiki ijayo, aanzie wapi? Hongera, dada yangu. Popote utakapoanzia, usianze na mchango.

Huku kwetu Mbagala, wazazi wakisikia mchango jibu ni moja: elimu bure. Na kweli, ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakaingizwa mwaka 2022. Ila ruzuku ya uendeshaji ni Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo utoe vitabu, mitihani, chaki, kitasa, koki ya bomba. Hesabu hiyo hakuna aliyekuwa ameipiga mbele ya wazazi.

Nyuma ya madarasa yetu kulikuwa na rundo la fremu za viti, mbao zimeng'oka, nyasi zimeota katikati. Ndani watoto wanabanana watatu meza moja. Nikasema kwenye kikao cha bodi yetu kwamba chuma bado kizima. Mjumbe mmoja akanijibu, "Mama, wewe wa genge, ufundi waachie wenyewe." Wakacheka. Sijasahau, na sina mpango huo.

Siku ya mkutano nilimwomba mkuu wa shule tuzunguke na wazazi kabla ya kukaa. Vyooni akina baba waliziba pua. Nikawaambia mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25, hesabuni wenyewe. Tulipofika kwenye rundo, baba mmoja, fundi wa kuchomelea pale Zakhem, akapindua kiti, akagonga kiungo kwa ufunguo. "Hii ni kuunga hapa tu." Mwenye karakana ya mbao akajitolea vipande. Kidato cha tatu wakapiga msasa. Muhula huu rundo limekwisha, limekuwa viti, na yule mjumbe alikuja kupiga picha navyo. Viti vya mama wa genge!

Kwa hiyo waonyeshe watu kabla hujawaomba. Risiti zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, hata ya misumari. Walimu wasishike pesa za wazazi. Serikali ya wanafunzi ihesabu viti kila Ijumaa, maana wao ndio wanaovikalia. Halafu waonyeshe watu tena, narudia. Na nyinyi mnaosubiri Serikali ije kukaza skrubu, mtoto ni wa nani? Harusini mnachangia bila kuitwa mara mbili!

Vyoo bado. Tundu la choo halichomelewi, hilo ni la halmashauri. Barua ya bodi iko manispaa, imepitia kwa mtendaji wa kata, na nyuma yake tumeambatisha majina ya wazazi waliojiandikisha kuchimba shimo. La kwanza ni la yule fundi.