Mama mkwe anasema kwetu tuko na damu mbaya

SWALI: Jambo sana mama. Niko Bukavu, Kadutu, miaka 26. Mdogo wangu ni SS, ana ugonjwa wa seli mundu (drépanocytose), mimi labo walinipima wakasema ni AS, yaani naubeba lakini siumwi. Mchumba wangu ni AA, hana kabisa, lakini mama yake aliposikia alisema kwetu tuko na damu mbaya, haitaingia nyumbani kwake. Tangu siku ile silali vizuri, najiuliza kumbe mtu ni ile yenye iko ndani ya damu yake tu? Na mdogo wangu basi ni nini?

JIBU: Dada yangu, nianze na ya haraka upumue. Wewe AS na yeye AA, hamzai mtoto SS. Kila mimba ni nusu kwa nusu, AA ama AS kama wewe, basi. Mngekuwa AS wote wawili ndiyo kila mimba ingekuwa na robo ya hatari ya mtoto SS.

Sasa hiyo "damu mbaya" inaniuma sana. Jeni zetu zimeandikwa kwa herufi karibu bilioni 3, na SS inatokana na herufi moja iliyobadilika pale hemoglobini, ile yenye kubeba oksijeni ndani ya damu, inapotengenezwa, moja tu! Na ilibaki kwetu Afrika juu ya malaria, maana malaria kali haimuui kirahisi mtoto AS, kwa hiyo wababu wenye hiyo herufi walipona, wakazaa, na pengine huyo mama naye yuko hai leo kwa sababu ya bibi mmoja AS wa zamani aliyevuka homa. Herufi ileile yenye kumtesa mdogo wako inakulinda wewe. Utaiita mbaya ama nzuri?

Hapo Kahuzi-Biega, si mbali na kwenu, kuna magorila ambao jeni zao na zetu zinafanana karibu asilimia 98, sasa ukihesabu herufi peke yake hutajua mtu anaanzia wapi. Wengine wanasema utu ni akili, mimi nakataa, maana mtoto mchanga ni mtu, na mzee aliyesahau majina ya watoto wake ni mtu. Niliwahi kukesha na mtoto wa dada yangu, SS, krizi, yaani maumivu makali ya ugonjwa huu, imemkamata miguu, tunamkanda na kitambaa cha maji ya moto, analia, halafu katikati ya kulia ananiuliza, mama mdogo, umekula?

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani zilikubali tiba ya kuhariri jeni kwa ugonjwa huu, na unajua, ile herufi hawaigusi, wanawasha tena hemoglobini ya mtoto wa tumboni. Wagonjwa wengi walimaliza mwaka mzima bila krizi, herufi yao bado iko palepale. Bei kule Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, hiyo ndiyo aibu ya kuzungumza, si damu yenu.

Chukueni karatasi za labo, muende kwa mama mkwe, na mdogo wako muende naye, akae, ale pamoja nao. Mchumba wako ndiye aongee wa kwanza, ni mama yake.