Barua kwa mwanangu: Pullo, Peul au Mfulani?

Mwanangu Rehema,

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kuhusu mwenzako wa chumba huko Brussels, binti wa Labé, Guinea. Wewe unamwita Mfulani, wenzenu wanamwita Peul, naye akijitaja husema ni Pullo. Unataka kujua lipi ndilo jina lake.

Jina lake ni hilo analojiita. Mmoja ni Pullo, wengi ni Fulbe, watu walioenea Afrika Magharibi. Lugha yao, Kifulfulde, ina ngeli kama yetu, tena zaidi ya 20, ila alama ya ngeli wao huiweka mwishoni mwa neno, na herufi ya mwanzo nayo hugeuka. Mimi hilo hunifurahisha sana: Kiswahili na lugha yao ni ndugu wa mbali, wote wa ukoo wa Niger-Kongo.

Hayo mengine wamepewa na majirani. Fulani ni jina la Wahausa, Waingereza wakalichukua kwao; ndiyo maana nasi shuleni, tukisoma habari za Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kiislamu wa kaskazini mwa Nigeria ya leo, na vita vya 1804, tuliambiwa ni jihadi ya Wafulani. Wafaransa walishika la Wawolofu wa Senegal, Peul. Gambia utasikia Fula. Sudan husema Fallata, na hilo usilitumie kamwe, maana wengi hulitamka kwa dharau.

Kinachoniuma ni habari za siku hizi. Kijiji kikichomwa Mali au Nigeria, utasikia "Wafulani wamefanya", kana kwamba mamilioni ya watu ni genge moja. Tarehe 23 Machi 2019, kijijini Ogossagou, Mali, waliuawa Fulbe zaidi ya 150, watoto wakiwemo. Walibebeshwa lawama za matendo ya magaidi. Ningependa ukisikia jina la Wafulani umkumbuke Nana Asma'u, binti wa Usman: alitunga mashairi kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu, akafundisha wanawake walimu waliotumwa vijijini kuwasomesha wenzao.

Ukiandika kwa Kiswahili, Wafulani si tusi, andika tu. Lakini ukiwa naye, mwite Pullo. Na mama yake akipiga simu ukiwa karibu, usikae kimya, mwambie "On jaaraama". Ndivyo mkubwa anavyosalimiwa kwao.

Mama yako