Re: Wacheki ni wakali kweli? Nahamia Brno

Mkuu umeuliza kama Wacheki wana roho ngumu na wikiendi utaenda wapi, mi niko Brno, mji wa huku Ucheki, mwaka wa nne, sio wabaya ila Wacheki hawacheki na mtu wasiyemjua hehe. Ukiingia dukani au kwenye lifti sema "dobrý den", ndiyo salamu yao ya mchana, ukinyamaza ni sawa na kupita wazee bila shikamoo. Ukialikwa kwa mtu viatu unaacha mlangoni, kwa hiyo kagua soksi zako mapema.

Sasa kilichonichanganya mimi ni "no", kwao ni kifupi cha "ano" yaani ndiyo, nilimuuliza mama mwenye nyumba kama naweza kutumia mashine yake ya kufulia akanijibu no no no, nikarudi chumbani mnyonge nikafua kwa mikono wiki mbili kumbe alishakubali zamani!

Wikiendi anza na shimo la Macocha, lipo jirani tu kaskazini, kina mita 138, halafu chini kuna mapango ya Punkva unapita kwa boti mtoni gizani. Beba sweta hata kiangazi, na tiketi ya boti kata mapema mtandaoni.